Masikio ya Mama Mayai

Kelele yenyewe haikuwa kubwa, na hapo ndipo taabu yote ilipoanzia. Ingekuwa kubwa, kila mtu angeisikia na maneno yangeisha. Hii ilikuwa ngurumo ndogo ya kunung'unika, ngrrr, inatoka chini ya kiti cha nyuma, inadumu muda wa kuhesabu mpaka kumi, kisha inakatika. Mama Mayai aliisikia mara ya kwanza wakipanda mlima ulio baada ya daraja, trei za mayai zimepangwa nyuma yake mpaka usawa wa dirisha.

"Mzee, unasikia?"

"Nini?"

"Hiyo. Hiyo hapo, inaguruma."

Mumewe akainamisha kichwa, akakunja uso, akatega sikio. Mtaa mzima ulimwita Dereva, maana alikuwa ameendesha mabasi ya safari ndefu miaka ishirini na tisa kabla ya kustaafu, na mtu akiwa na gari bovu alikuwa anakuja kwanza kwake kabla ya kwenda kwa fundi. Alisikiliza mpaka wakafika juu ya mlima.

"Sisikii kitu," alisema. "Ni barabara tu hiyo. Lami imechakaa."

Nani abishane na Dereva habari za gari? Labda siku Dereva atakapokuja kumfundisha yeye kuku gani anataga na yupi anakula bure. Lakini siku ya pili, palepale, ngrrr. Siku ya nne, ngrrr. Wiki ya pili akawa anaisubiri, amekaza mikono mapajani, na ikija anamtazama mumewe usoni, na uso wa mumewe hausemi kitu.

Gari hilo lilikuwa limenunuliwa jipya, dukani, limefunikwa nailoni mpaka kwenye viti. Kiinua mgongo cha Dereva kiliingia chote, na akiba ya mayai ya miaka saba ikaingia yote juu yake, ndiyo maana kadi ya gari ilikuwa na majina mawili. Lilikuwa na waranti ya miaka mitatu. Makaratasi yalikaa kwenye droo ya Dereva, kwa kuwa mambo ya gari ni yake na mambo ya kuku ni ya mkewe, na kwa miaka thelathini na moja ya ndoa mgawanyo huo haukuwa umewaletea ugomvi. Miaka mitatu ilikuwa inaisha mwezi wa saba. Likiharibika kabla ya hapo, kampuni inatengeneza. Likiharibika baadaye, ni wao na Mungu wao, na bila gari hakuna mayai yanayofika kwenye maduka wala jikoni mwa hospitali, na pale nyumbani kila kitu kilichokuwa kinachemka kilichemshwa na mayai.

"Tulipeleke," Mama Mayai alisema. "Waangalie tu. Si bure?"

Dereva akatafuna tonge lake. "Wakikuta hakuna kitu, tutaonekana wajinga."

"Tuonekane. Ujinga wa bure una gharama gani?"

Basi wakakubaliana walipeleke Jumatatu.

Jumapili jioni Dereva alivua shati. Akatoa trei zote, akatoa magunia ya chakula cha kuku, akatoa mikeka ya chini, akalisugua gari ndani na nje kwa sabuni mpaka likanukia. Mkewe alimletea maji ndoo kwa ndoo na moyo wake ulijaa. Kwenda kwenye duka lile lenye vioo, mbele ya watu wenye mashati meupe, na gari linanuka kinyesi cha kuku! Aibu iliyoje! Alijisemea, mwanamume huyu bado ananistahi.

Kwenye mapokezi alikuwapo karani mmoja mwenye tai na kalamu tatu mfukoni. Alimsikiliza Mama Mayai huku anamtazama Dereva.

"Kwa hiyo, mzee, gari linapiga kelele?"

"Ni mimi ninayesikia," alisema Mama Mayai. "Tukipanda mlima. Mzee akiachia mafuta kidogo tu, inaguruma."

"Na wewe mzee, unaisikia?"

Dereva akakohoa. "Mke wangu ana masikio makali."

Karani akacheka, Dereva naye akacheka kidogo, na Mama Mayai akajikuta anacheka nao, ingawa hakuona kilichochekesha. Karani aliandika kwenye fomu: *Mteja anadai kusikia kelele.* Yeye aliyasoma maneno hayo juu chini kutoka upande wake wa meza. Anadai. Akaona hilo neno limekaa vibaya, lakini hakujua amwambie nini. Aliomba apande gari wakati wa kulijaribu, akaambiwa utaratibu hauruhusu, mteja anangoja kwenye viti. Walingoja saa mbili. Karatasi ikarudi: *Hakuna hitilafu iliyoonekana.* Chini yake, saini ya fundi mkuu.

Kesho yake, mlimani, trei zikiwa mahali pake: ngrrr.

Wiki tatu baadaye walirudi tena. Safari hii Dereva aliosha gari mpaka chini ya boneti. Mama Mayai alikuwa ametoka msalani, anarudi kwenye kiti chake, aliposikia sauti ya karani nyuma ya kioo.

"Yule mama wa kelele karudi."

"Tena?" mtu mwingine aliuliza.

"Tena! Mumewe masikini kachoka, unamwona kabisa."

Alisimama palepale kwenye ukumbi, mkoba kifuani. Alitamani aingie awaambie maneno mawili matatu, lakini hakuingia. Alirudi akakaa karibu na mumewe. Karatasi ikaja: hakuna hitilafu iliyoonekana. Saini ileile.

Nyumbani pale aliishi pia dada yake Dereva, mjane, mtu wa kukaa kitini na kuona kila kitu. Jioni hiyo alimenya viazi pamoja na Mama Mayai na kumsemesha kwa upole, na upole wake ndio uliochoma.

"Wifi, usinielewe vibaya. Umri huo una mambo. Mama yetu naye alianza hivyohivyo. Alikuwa anasikia maji yanachuruzika. Tunafunga bomba, bado anasikia."

"Mimi sisikii maji. Nasikia gari."

"Ndiyo, ndiyo. Gari." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Lakini Dereva hasikii. Watu wa kampuni, na mashine zao, hawasikii. Unasikia peke yako. Hebu jiulize, wifi."

Na kweli akajiuliza. Mtu akiambiwa kwa miezi miwili kwamba hakuna kitu, anaanza kusikia na visivyokuwapo. Friji ikiunguruma, anashtuka. Mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa, moyo unampasuka. Binti yao, mwalimu, aliyekuwa anaishi upande wa pili wa mji, akapiga simu: "Mama, baba ameniambia. Unalala vizuri lakini?" Kumbe mambo yalikwisha fika huko! Akajibu analala vizuri, kisha akaenda bandani akakaa na kuku wake, ambao walau hawakumwuliza anasikia nini.

Wazo la hospitali lilikuwa la wifi. Dereva alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akasema, "Si vibaya ukapimwa. Tuondoe wasiwasi." Akampeleka mwenyewe. Mama Mayai alivalishwa vifuniko vya masikio, akafungiwa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, akapewa kitufe abonyeze kila akisikia mlio. Alijikaza. Alisikia milio mikubwa, midogo, na ile iliyokuwa midogo kabisa. Alibonyeza huku machozi yanamtoka, kwa sababu hakujua tena upi ni wa kweli na upi ni wa kwake.

"Mama," daktari alisema, "masikio haya ni ya msichana wa miaka ishirini."

Alitoka na karatasi mkononi. Dereva alikuwa kwenye benchi nje ya mlango, amemshikia mkoba. Akaisoma, akaikunja, akasema, "Basi vizuri." Akawasha gari, wakarudi nyumbani. Wifi alipoisoma akaguna. "Kama si masikio, basi tatizo liko juu zaidi," akagusa kichwa chake kwa kidole.

Kuanzia siku hiyo Mama Mayai hakutaja tena kelele. Ikija, anatazama nje.

*

Aliyemfumbua macho hakuwa mtu. Ilikuwa Jumatano moja, wanakwenda duka la chakula cha kuku. Walipanda mlima gari tupu, na kimya. Alidhani amepona. Dukani wakapakia magunia sita, wakageuza, na walipofika mlima uleule kwa upande wa pili, chini ya kiti: ngrrr, tena kwa nguvu kuliko siku zote.

Alhamisi akahesabu: kwenda na mayai, inalia; kurudi na trei tupu, kimya. Ijumaa vilevile. Jumamosi vilevile. Jumapili alikuwa anapepeta uchafu kwenye mahindi, ungo ukasimama mikononi.

Linalia likibeba!

Na wao wamelipelekaje kwa kampuni? Tupu. Limesafishwa. Hata gunia moja hamna. Mara mbili wamekesha kuling'arisha wasione haya mbele za watu, na mara mbili wameiacha kelele nyumbani pamoja na magunia! Alicheka peke yake uani mpaka wifi akatoka kumtazama, akatikisa kichwa, akarudi ndani.

Alimkimbilia Dereva sebuleni. "Mzee! Nimejua! Linalia likiwa na mzigo! Sisi tunawapelekea tupu, watasikia nini?"

Alitegemea mumewe aruke. Dereva alikuwa anasoma gazeti, na gazeti halikushuka.

"Mama, tulishamaliza hayo."

"Hatujamaliza. Waranti inaisha Jumamosi hii. Ijumaa tulipeleke na mzigo wake."

"Watatucheka."

"Walishacheka. Nilisikia kwa masikio yangu, haya ya msichana wa miaka ishirini."

"Gari linanuka. Uchafu ule, mayai, unga wa dagaa. Mtu na heshima yake hapeleki..."

"Mzee, heshima yangu mimi ilishakwisha. Nimebakiza gari."

Gazeti lilitikisika.

Ijumaa alfajiri Mama Mayai alipakia mwenyewe: magunia manne nyuma, trei kumi na nane juu yake, kamba ikapita. Kisha akaingia kiti cha mbele, akafunga mkanda. Dereva akatoka na ndoo ya maji na kitambaa begani. Alipoona gari limebeba akasimama.

"Teremka tupakue."

"Siteremki."

"Mke wangu."

"Ukitaka kunipakua na mimi, nipakue."

Dereva aliiweka ndoo chini. Alizunguka gari mara moja, akapiga teke tairi, akatazama saa. Wifi alikuwa dirishani. Mwisho akaingia, akawasha, akaendesha polepole mno, kwa mwendo wa msiba, mpaka magari ya nyuma yakapiga honi. Mkewe alidhani anaona haya. Akamwonea hata huruma.

*

"Mama, litapakuliwa kwanza," alisema karani mwenye tai, akiwa ameziba pua kijanja kwa kujifanya anajikuna. "Huo ndio utaratibu."

"Likipakuliwa mtaandika hakuna kitu."

"Na mteja haruhusiwi..."

"Basi nitakaa humu ndani ya gari mpaka mfunge. Kesho waranti inakwisha, nami kesho nitakuwa hapahapa."

Wateja wawili wakageuka. Mmoja akatabasamu. Karani akamtazama Dereva kumwomba msaada, Dereva akatazama viatu vyake. Ndipo akatoka fundi mkuu, mtu mfupi, mwenye mvi, anajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Kuna nini?"

Karani akavuta pumzi aeleze, lakini fundi alikuwa amekwisha inama dirishani. "Mama, hiyo kelele yenyewe ikoje?"

Kwa miezi mitatu hakuna aliyemwuliza swali hilo. Mama Mayai akaitoa kooni: "Ngrrr. Ngrrr. Halafu inakatika."

Karani alicheka. Fundi hakucheka. "Inatoka wapi?"

"Chini ya kiti cha nyuma. Katikati, lakini inaelekea kulia kidogo. Gari likibeba, likipanda, mafuta yakiachiwa kidogo."

Fundi akafungua mlango wa upande wa usukani. "Mzee, naomba ufunguo. Mama, baki hapohapo."

Nyuma ya maghala ya kampuni palikuwa na kilima. Fundi alipanda, akafika katikati, akalegeza mguu. Mama Mayai alifumba macho. Alikuwa anaomba iwepo, mtu mzima anaomba gari lake liwe bovu.

Ngrrr.

Fundi alishuka kinyumenyume, akapanda tena. Ngrrr. Akapanda mara ya tatu, safari hii amezima feni na kufunga vioo. Kisha akaegesha pembeni, akavuta breki ya mkono.

"Beringi ya difu, kile chuma kikubwa cha nyuma kinachogawa nguvu kwa magurudumu," alisema. "Na meno yameanza kulika. Ungeendelea na mizigo hii, siku moja difu ingekaba uko mteremkoni, na magurudumu ya nyuma yangesimama ghafla."

"Kwa hiyo ipo?"

"Ipo, mama. Tena ipo siku nyingi."

Alilia. Hakujizuia, alilia kwa sauti, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi, na fundi akatazama mbele mpaka alipomaliza.

"Gari hili anaendesha nani kila siku?" fundi aliuliza baadaye.

"Mume wangu. Alikuwa dereva wa basi, miaka ishirini na tisa."

Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Aliwasha gari, wakarudi.

*

Karani alikuwa amefungua faili. Alipoambiwa difu, hakubisha. Aligeuza ukurasa tu, akauwekea kidole.

"Difu nzima inabadilishwa, na waranti bado siku moja. Sawa. Lakini mkataba wa kuuziana unasema matumizi ya kifamilia. Gari la biashara lina bei yake na waranti yake. Likipigishwa biashara kwa karatasi hii, waranti imekufa, na difu ni robo ya bei ya gari, mnalipa wenyewe." Alitazama nje, kwenye trei. "Sasa lazima niandike. Mizigo ile ni ya nini?"

Kabla Mama Mayai hajafungua mdomo, Dereva alilipuka.

"Si nilikwambia tupakue! Nilikwambia! Asubuhi nzima nakwambia!"

"Ulisema gari linanuka."

"Nilijua watauliza! Tangu siku ya kwanza nilijua wakiona mzigo watauliza!"

Maneno yalikwisha toka, na hayakuwa na pa kurudi. Mama Mayai alimtazama mumewe, akageukia karatasi. Chini ya maneno matumizi ya kifamilia palikuwa na saini moja, na aliijua ile herufi ya kwanza inayojikunja. Siku ya kununua yeye alikuwa nje, anazunguka gari na kuligusa.

"Ulijua," alisema.

Dereva akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Ndiyo maana ukawa unaosha."

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Ulikuwa unaisikia?"

Karani akasimama ghafla. Alikuwa na tabia zake, lakini si ile ya kutazama watu wazima wakivuana nguo. "Nawapa dakika kumi," alisema. "Mkubaliane niandike nini. Wenye majina kwenye kadi wote wawili watasaini." Akatoka. Fundi akabaki mlangoni, hajui aende au akae.

"Ulikuwa unaisikia, mzee?"

"Kabla yako," alisema Dereva, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku mbili kabla yako. Waliniambia nikiandika familia bei inashuka, nikaandika. Nikaona si kitu. Kelele ilipoanza nikasema, wakigundua tunapoteza waranti, na mimi ndiye niliyesaini. Nikaona haya kukuambia. Nikasema utachoka, utanyamaza, mimi nitatafuta fundi wa pembeni polepole."

"Ulinipeleka hospitali."

"Ilikuwa dada yule..."

"Ulikaa nje ya mlango. Mimi nafungiwa kwenye kisanduku, sijui kama nina akili au sina, na wewe uko nje umenishikia mkoba. Unajua, na umenishikia mkoba!"

"Niliogopa."

"Ukampigia mwanangu simu."

Dereva alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, mikono iliyopitisha mabasi kwenye milima na mvua na haikuwahi kumwaga abiria hata mmoja.

Fundi akakohoa. "Mama, samahani kuingilia. Mimi ndiye niliyesaini mara mbili kwamba hakuna kitu. Mara mbili nimeandika uongo bila kujua. Nikiandika wa tatu nikijua, sitakosa usingizi." Akashusha sauti. "Tuseme magunia haya mlikuwa mnahama nyumba. Kuku ni wenu wa nyumbani, mnahama nao na chakula chao. Karani atakubali, anataka kufunga faili akale. Difu inabadilishwa bure."

"Andika," Dereva alisema upesi. "Andika hivyo, baba, Mungu akubariki."

Fundi hakuandika. Alikuwa anamtazama Mama Mayai.

Akili yake ilikwenda mbio. Akikataa, gari litakaa uani kama banda la pili, kuku watauzwa, na uzeeni wataanza upya kwa ukweli mtupu. Akikubali, amesaini uongo pamoja na mtu aliyemdanganya, nao ni uongo wa mumewe uleule, sasa umeongezwa mkia. Akayapima haya mawili mpaka Dereva akaanza kusema, "Mama, nakuomba..."

"Andika tunahama," alisema.

Dereva alishusha pumzi, akataka kumshika mkono. Mkono haukuwapo. Mama Mayai alikuwa amechukua kalamu, akasaini jina lake lote, polepole, herufi kwa herufi, mpaka la babu yake.

*

Gari lilirudi Jumatano, Dereva akiliendesha, akaliegesha uani na kupiga honi mbili za furaha. Alikuwa amenunua nyama. Tangu Ijumaa alikuwa ameomba radhi asubuhi na jioni, amechota maji, amefagia banda, na mkewe alikuwa anamjibu vizuri tu, karibu chakula, asante, lala salama. Akaona yamekwisha.

Mama Mayai alitoka ndani na sanduku la nguo. Akaliweka kwenye buti. Akarudi, akatoka na godoro dogo limekunjwa. Akarudi tena, akatoka na cherehani.

"Unafanya nini?"

"Napakia."

"Unapakia kwenda wapi?"

"Kwa mwanangu. Nimezungumza naye, ana chumba. Kuku nitakuja kuwahudumia asubuhi, wewe utawalisha jioni, wifi atahesabu mayai, macho anayo."

Wifi, aliyekuwa mlangoni, alirudi nyuma hatua moja.

"Kwa sababu ya kelele ya gari?" Dereva aliuliza, na papo hapo akaona jinsi swali lilivyokuwa la kijinga.

"Nimesaini kwamba tunahama," alisema Mama Mayai. "Wewe umeshazoea kusaini vitu visivyo kweli, mimi sijazoea. Nikaona nihame, iwe kweli."

"Mpaka lini?"

"Sijui, mzee. Wewe ulichukua miezi mitatu. Na mimi niache nichukue yangu."

Dereva akampeleka. Angefanya nini tena? Alivuka naye mji mzima, taa kwa taa, na njiani alisema mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima: habari ya siku ya kusaini, ya karani wa mauzo na tabasamu lake, ya usiku alioamka akataka kumwambia, akamkuta amelala, akafurahi kwamba amelala. Mkewe alisikiliza yote. Hakumkatiza hata mara moja.

Binti yao alifungua mlango akiwa na chaki mikononi, akamwona mama na mkoba, akamwona baba nyuma yake amebeba cherehani kifuani, jasho linamtiririka.

"Mama, vipi? Umezidiwa? Zile kelele tena?"

Mama Mayai alimpita akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona.

"Mwulize baba yako," alisema. "Wewe ulisimuliwa na yeye. Amalizie."

Dereva hakuwa na mahali pa kuweka cherehani. Alisimama nayo kizingitini, ikimvuta mikono, na mwanawe akamtazama akisubiri.

"Mama yako ni mzima," alisema. "Kelele ilikuwapo. Mimi nilikuwa naisikia kila siku."

Binti hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na hakumpokea mzigo.